Mvua Haisifiwi

Bariadi, 10 Novemba 1996

Mdogo wangu Salu,

Mwangaluka. Najua barua hii huenda ikakufikia jioni, lakini mimi naiandika asubuhi, basi ipokee hivyo hivyo na uitikie mhola. Shemeji yako Joakim anakusalimu, na kusema kweli anakumbuka zaidi maziwa ya ng'ombe wako kuliko wewe mwenyewe. Watoto nao wanakusalimu, isipokuwa yule wa mwisho. Amenuna kwa sababu ulimwahidi ndama, kisha ukaondoka na kundi zima. Kuku wangu wa madoa ameliwa na kicheche. Habari nyingine za nyumbani ni hizo hizo ulizoziacha.

Mama amefika? Nilimpandisha treni mwenyewe pale Malampaka, nikamkabidhi kwa binamu yetu Nyanda anayepeleka mchele Mpanda, naye akaapa kumfikisha mikononi mwako. Amerudi, anasema mlikutana Sumbawanga na mama alikuwa anacheka. Lakini Nyanda ni mfanyabiashara siku hizi, na tangu biashara iachiwe huria naona na maneno yake yameachiwa huria. Nataka kusikia kwako. Anakula? Amesema lolote juu yangu? Pale stesheni hakunipa mkono.

Unajua kwa nini nilimtuma. Michembe ya viazi ilikuwa imebaki ya kukwangua chini ya kihenge, na mama alikuwa anajifanya ameshiba ili wajukuu wale. Wewe uko kwenye maziwa. Tulikubaliana akae kwako mpaka mvua zirudi huku, kisha umrudishe mwenyewe. Na likitokea la kutokea, kumbuka alilolisema mbele yetu sote: alazwe kando ya baba, pale juu kwenye udongo wa mchanga, kwenye luseni, ambako maji hayatuami.

Huku mawingu yanakuja kutuchungulia tu, yanaondoka. Mto Simiyu ni mchanga mtupu, tunafukua katikati ya mto kupata maji ya kunywa. Sasa niambie, nchi ya huko ikoje, na mvua yake ikoje? Ila usinisifie. Unakumbuka ulipokuwa mdogo, ulivyotoka uani ukirukaruka na kuimba mvua nzuri, mvua nzuri? Mvua ikakatika, mtama ukakaukia shambani, mama akakunyima maziwa mpaka ukalala ukilia. Kwetu mvua haisifiwi mpaka mazao yameingia ndani. Inaponyesha, mtu anasema "ipo," basi.

Dada yako,
Lukresia


Bonde la Rukwa, 3 Januari 1997

Dada Lukresia,

Mhola, dada, mhola duhu, salama tu. Barua yako imekaa Sumbawanga muda mrefu ikisubiri mtu wa kushuka huku bondeni, kwa hiyo usidhani nilikuwa nakupuuza. Mhoja mke wangu anakusalimu, anasema akipata msafiri atakutumia samaki wakavu. Mwambie mwanao ndama wake yupo, ana baka jeupe usoni, nampa jina lake.

Mama amefika, na Nyanda safari hii hakudanganya, ingawa kucheka sijui alikuona wapi. Anakula na anakunywa maziwa. Juu yako hajasema kitu, nami sikumchokonoa.

Umeniuliza nchi. Chukua tambarare ya kwetu, ile ya kutazama mpaka macho yachoke, kisha isimamishie ukuta upande wa machweo. Ukuta huo ni mlima, wenyewe wanauita Lyamba lya Mfipa. Juu yake kuna baridi, watu wanavaa makoti mchana. Sisi tulio chini tunaiva kwa joto na mbu. Jua la huku halizami kama la kwetu, likitembea kidogo tu baada ya alasiri linaingia nyuma ya mlima. Mama anasema huku jua linaibwa, na wenye nchi wametulia tu kama hawajaibiwa.

Kwetu mvua inaanza, inapumzika baada ya Krismasi, halafu inarudi Machi ikijisikia. Huku ikishaanza Novemba haina mapumziko mpaka Aprili. Mito inashuka mlimani hata kiangazi. Udongo ni mbuga nyeusi tupu, na nyasi zimewafika ng'ombe mgongoni, ukitafuta dume lako unatafuta pembe. Ziwa lina magadi, ng'ombe wanalamba ukingo wake kama watoto wanavyolamba sukari.

Nimejenga karibu kabisa na maji. Wenyeji wao wamekaa juu, miguuni mwa mlima, wanatembea mbali kuja kuteka, na waliniambia nami nipande huko. Nilicheka, dada. Mtu aliyekua akifukua mchanga wa Simiyu kwa kata aambiwe ayakimbie maji? Niliwajibu kwamba kwetu mwenye akili ndiye anayetangulia kujenga kisimani.

Nilipomsomea mama barua yako alisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza nikujibu nini kuhusu mvua. Akasema, "Mwambie ipo."

Mdogo wako,
Salu


Bariadi, 20 Aprili 1997

Mdogo wangu Salu,

Mwadila, maana sasa ni jioni na nimekaa chini baada ya kutwa nzima. Samaki wa Mhoja wamefika, tumewala, tumekula na harufu iliyobaki kwenye gazeti. Mwambie asante, Mungu ambariki.

Hapa haikunyesha. Ilidanganya Desemba tukapanda, ikadanganya tena Machi tukapanda mbegu za mwisho. Pamba imefika magotini ikazeeka hapo hapo. Wanunuzi wapya, wale wa binafsi, wameleta mizani yao inayong'aa wakaisimamisha karibu na gulio, na watoto wanapanda kujipima kwa kuwa hakuna pamba ya kupima. Bariadi mjini maduka yamejaa sabuni, sukari na mitumba. Zamani tulikuwa na pamba na duka lilikuwa tupu. Sasa duka ndilo limejaa.

Ngitili ya baba, nyasi zake za akiba ya kiangazi, bado naitunza. Unajua baba alivyokuwa anaifunga, mwenye kuingiza hata mbuzi kabla ya kiangazi kukolea anatozwa faini mbele ya watu. Mwaka huu majani yenyewe ni ya kuhesabika, lakini nimeifunga hivyo hivyo. Luhaga jirani yetu anaitaka alime, ananiambia nyasi za mtu asiyekuwepo zinaliwa na moto. Nimemwambia Salu anarudi na ng'ombe wake, na mama anarudi. Nimesema hivyo kanisani, nimesema gulioni. Hukunijibu kama ni kweli. Barua yako nzuri ya milima na mito nimeisoma mpaka imechanika, na neno hilo halimo.

Salu, kuna siku nazionea wivu nyasi zenu. Kisha nakumbuka mama yuko ndani yake, basi naziombea zizidi kuota.

Dada yako,
Lukresia


Bonde la Rukwa, 6 Julai 1997

Dada Lukresia,

Salaam nyingi kutoka kwa wote. Mhoja ana mimba, ndiyo sababu sasa ananikaripia kwa haki zote mbili, ya mke na ya mjamzito. Mpunga umetoka mzuri, umeshaingia ndani, kwa hiyo naruhusiwa kuusema.

Ng'ombe wapo, ingawa si wote. Nchi ya maji ina mambo yake. Kwato zinalainika na kuoza, na kuna nzi ambao kwetu hatuwajui. Wale niliotoka nao Bariadi wanashangaa shangaa, waliozaliwa huku ndio wanaotembea kama wenyeji. Dume la baba lilikufa Mei. Sikutaka kukuambia, lakini mama ameniambia nikwambie.

Mama ana kikohozi. Kilianza na ukungu wa Juni, maana asubuhi ziwa linapumua ukungu na nyumba yetu ndiyo ya kwanza kuupokea. Anakaa nje na kigoda chake akielekea kaskazini. Watu wanadhani anaota jua. Amefunga njugumawe katika pindo la kanga, zile alizotoka nazo kwako, na hakubali mtu azipike wala azipande. Anasema hizi ni za luseni, mbuga itaziozesha.

Amenituma nikuulize kama mmeziba ule ufa wa ukuta wa jikoni.

Mwezi wa kumi, mauzo ya mpunga yakiisha, nitamleta mwenyewe. Hilo ndilo neno ulilolitaka, nimeliandika.

Mdogo wako,
Salu


Bariadi, 30 Oktoba 1997

Mdogo wangu Salu,

Ufa umezibwa. Mwambie mama Joakim ameziba na wa chumbani, kisha amepaka chokaa chumba kizima, na kitanda chake kimehamia dirishani ili alfajiri aone kilima cha baba bila kuinuka. Nimepata blanketi la mitumba, zito, la kikohozi kile. Hongera kwa Mhoja.

Imeanza. Imeanza mapema kuliko kawaida na imeanza kwa nguvu. Simiyu uliteremka usiku mmoja na asubuhi visima vyetu vya mchanga vilikuwa chini ya maji mekundu. Sisemi zaidi. Ipo.

Redioni wanasema mwaka huu bahari zimepata joto na mvua itazidi nchi nzima, wameipa na jina la kigeni. Joakim anasema redio inapenda makuu. Mimi nimesikiliza nikawafikiria ninyi na nyumba yenu ya kisimani. Wasikilize wenyeji, Salu. Wenye nchi wanapokaa mbali na maji hawakosi sababu.

Leo ni tarehe thelathini ya mwezi wa kumi. Nimefagia njia mpaka barabarani. Mlete mama.

Dada yako,
Lukresia


Bonde la Rukwa, 25 Januari 1998

Dada Lukresia,

Nisamehe ufupi, karatasi zimelowa. Mhoja amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Barabara ya kupanda mlimani imekatika na malori hayashuki, hii nampa mtu anayepanda kwa miguu. Safari itabidi isubiri.

Mama hajambo. Kikohozi kimepungua. Anakusalimu sana, anasema usiwe na wasiwasi juu yake, na kwamba mvua ya mwaka huu ni nzuri sana, hajapata kuona nzuri kama hii.

Mdogo wako,
Salu


Bariadi, 15 Machi 1998

Salu,

Mama amekufa lini?

Nilikuwa naisoma barua yako kwa sauti, Joakim anasikiliza huku anachonga mpini. Nilipofika pale pa mvua nilishusha karatasi. Joakim akasema, mbona habari nzuri, endelea. Yeye si mtoto wa mama yetu, hawezi kujua. Mama hakuwahi kutamka neno hilo maisha yake yote, hata mwaka ule magunia yalipokosa mahali pa kukaa. Mtu aliyekunyima maziwa kwa neno moja asingelisema kwa mdomo wake mvua ingali angani. Kwa hiyo hayakuwa maneno yake. Na ukilazimika kumtungia mama maneno, ni kwa sababu yeye hayupo wa kuyasema.

Niambie siku, na umemlaza wapi. Naumwa, Salu. Naumwa kila mahali.

Lukresia


Bonde la Rukwa, 2 Juni 1998

Dada,

Alifariki wiki moja kabla ya Krismasi.

Mwezi wa kumi nilitaka kumleta kweli. Mpunga haukununuliwa haraka, nikasema Novemba. Novemba mvua ikaanza na haikutua. Kikohozi kilipomzidi tulimfunga kwenye machela, tukamwinua watu wanne tukaelekea mlimani ili tupate gari la Sumbawanga. Mto wa kwanza ulitupitisha. Wa pili ulikuwa unabingirisha mawe kama mtu anayehamisha nyumba, tukarudi. Yeye hakulalamika. Alikuwa ameshika lile pindo lake la njugumawe tu.

Nilitafuta mahali pa kumlaza. Dada, nchi yote hii haina kilima chini ya mlima. Hakuna mchanga. Nilipochimba kwenye mbuga maji yalijaa kabla sijafika kiunoni. Nyuma ya zizi palikuwa na kichuguu kikubwa, ndiyo nchi kavu pekee niliyokuwa nayo, nikamlaza humo. Nilijiambia ni kwa muda, kiangazi nitamchukua nimlete kwenu, kwa baba. Ndiyo maana sikukuandikia ukweli. Barua yako ya chokaa na blanketi ilifika nikiwa nimemzika tayari, nikaona nikikaa kimya mpaka kiangazi nitakuja naye na nitakuambia nikiwa mbele yako. Nilimtafutia maneno ya furaha ya kukutuliza. Sikuwa na akili timamu, nikayachukua ya kwanza niliyoyaona nje ya mlango.

Februari ziwa lilikuja. Halikuja kwa kishindo, lilikuja kila siku hatua chache, kwa adabu, kama mgeni anayejua atakaribishwa tu. Tulihama na mtoto mchanga na ng'ombe waliobaki mpaka miguuni mwa mlima, na wale niliowacheka walinipa nusu ya nyumba yao. Hawakunicheka. Ningependa wangenicheka. Kutoka huko juu nilikiona kichuguu kila asubuhi kikipungua. Machi kilikuwa kama mgongo wa kiboko. Aprili sikukiona tena. Mvua zimekwisha sasa, lakini ziwa halijarudi nyuma, na wazee wa hapa wanasema hili ziwa huenda likakaa miaka likishapanda, na huenda likaondoka, wao wenyewe hawalijui.

Nilijenga kwa akili ya Bariadi katika nchi isiyo Bariadi.

Kuna neno lako. Siku tuliyorudi kutoka mtoni aliniambia: "Mwambie Lukresia pale stesheni sikumpa mkono kwa sababu ningemshika nisingemwachia." Nilipaswa kulileta mwenyewe.

Salu


Bariadi, 2 Novemba 1998

Mdogo wangu Salu,

Mwangaluka. Barua yako niliipata Agosti, na tangu hapo nimekuwa nikichukua karatasi na kuirudisha. Leo nimeweza. Joakim anakusalimu. Mwambie Mhoja ambusu mtoto. Sijui mmempa jina gani, hukuandika, lakini nadhani najua.

Hasira nilikuwa nayo, sitakuficha. Nilitaka kukuandikia kwamba ulimzika mama yetu kwenye maji. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyempandisha treni. Alishikilia kile kigoda chake nami nikamsukuma taratibu mgongoni, nikidhani namsukumia kwenye uzima. Sisi wawili tulikimbia ukame tu, hakuna aliyetufundisha kuogopa kitu kingine.

Wazee wa ukoo wamekuja mara mbili. Wanasema mtu aliyepotea ugenini anazikiwa kitu chake, nichukue jembe la mama tulilaze kando ya baba, tuanue tanga, watu wapumzike. Nimekataa. Jembe nalilimia, na mama yetu hakupotea. Najua alipo.

Mazao yaliingia ndani siku nyingi, kwa hiyo naweza kusema kwamba mvua ya kwetu ya mwaka jana ilikuwa nzuri. Ilibomoa madaraja, lakini ilikuwa nzuri. Ngitili ya baba imesimama mpaka kifuani, imekauka ikiwa na rangi ya simba. Luhaga haiombi tena. Anapita, anaitazama, anavua kofia.

Leo ni siku ya marehemu wote. Baada ya misa padri alikuja na maji ya baraka mpaka kilimani kwetu. Akanyunyiza kaburi la baba, kisha akaniuliza pale pembeni nilipofyeka pana nani. Nikamwambia bado. Naye akapanyunyiza.

Walipoanza kuteremka mimi nilibaki nikageukia kusini. Nimehesabu majira kama ulivyonifundisha katika barua zako: mwezi huu ndio mvua zinaanza kwenu, na zikishaanza hazipumziki. Basi nikasimama juu ya mchanga wa mama nikaisifu mvua ya Rukwa. Nilisema ni nzuri. Nilisema ni nzuri sana, haijawahi kuonekana mfano wake, ina neema, ina utamu, nyasi zinawafika ng'ombe mgongoni. Nilisema kwa sauti kubwa, nikarudia na kurudia, mpaka padri akasimama njiani na watu wakageuka. Joakim alikuja kunishika mkono. Sikunyamaza. Nimeisifu kama wewe ulivyoisifu ulipokuwa mtoto, ili ikatike kama ilivyokatika siku ile.

Ng'ombe wako watakonda, Salu. Mpunga wenu utakauka, na mtoto wa Mhoja atalia njaa kama wangu walivyolia, na wenyeji waliokupa nusu ya nyumba yao watateseka bila kosa. Nayajua yote hayo, nimeyaombea msamaha, na kesho asubuhi nitapanda tena kilimani nikasifu.

Kichuguu kikionekana, mlete. Mahali pake ni pakavu.

Dada yako,
Lukresia